Haki ya Taa, Haki ya Giza

Mwanadamu amezoea kuihesabu nuru kuwa kheri na giza kuwa shari, wala hahojiwi. Lakini mji unapopanga taa zake za barabarani, suala halibaki la mafundi na nguzo. Hugeuka kuwa suala la uadilifu. Nani amulikiwe, nani aachwe, na nani alipe?

Unguja ilifunzwa jambo hili kwa mkono mzito. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa miongoni mwa majumba ya mwanzo kuwaka umeme. Nuru ilianza kwa Sultani, ikachelewa kwa raia. Mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme utokao bara kwa waya wa baharini ulikatika, kisiwa kikakaa gizani. Wenye majenereta wakawasha. Wasio nayo wakarejea kwenye vibatari na kandili. Ikadhihirika kwamba giza halimwelemei kila mtu kwa uzito mmoja.

Mwanamke arudiye kazini usiku kwa vichochoro vya Ng'ambo ana haki ya kuiona njia yake. Anayelisifu giza mbele yake, na aseme kwanza yeye anakaa mtaa gani.

Hata hivyo, wingi wa taa si wingi wa nuru. Taa isiyofunikwa juu humwaga mwanga mbinguni, ambako hapana mpita njia: umeme hupotea bure, na Kilimia, waliyoitazama wakulima na mabaharia kujua majira, hufifia. Vitoto vya kasa navyo, vitokapo mchangani usiku, hufuata upeo wenye mwangaza, ambao kwa maumbile ni bahari. Taa za ufukweni huvipoteza vikaelekea nchi kavu, vikafa. Je, hao hawana haki?

Ipo miji iliyokwisha kujibu. Flagstaff, katika jimbo la Arizona, ilipiga marufuku taa za kumulika angani kwa matangazo mwaka 1958. Mwaka 2001 ikatambuliwa kuwa mji wa kwanza duniani kuhifadhi giza la anga. Ufaransa, kwa amri ya 2018, huyataka maduka yazime taa za madirishani ifikapo saa saba ya usiku.

Kupanga taa, basi, ni kugawa riziki. Mwanga uelekezwe chini, unapokanyaga mguu. Uwafikie wa vichochoroni kabla ya kuzidishwa penye wageni. Upunguzwe watu walalapo. Mji muadilifu haushindani na mbalamwezi: huwasha penye haja, kisha huuachia usiku haki yake.