Kuku Mwenye Jina

Katika nyumba nyingi za kwetu kuku huanguliwa, hukua na kuishia sufuriani bila mtu yeyote kumtazama usoni. Bei yake tunaijua. Firigisi ni ya nani, tunajua. Na tunajua kwamba mgeni wa heshima hapokelewi kwa mchicha. Tabia zake ndizo hatuzijui, wala hatuna haja nazo. Nimeishi miaka mingi na kuku waliopewa majina, na leo nataka kuwasemea.

Nyumbani kwetu Morogoro wanaotoa majina ni watoto, na huwa hawakosei. Kuku mkubwa mwenye kishungi kichwani wanamwita Shangazi. Ukimwaga pumba na chenga za mahindi asubuhi, hakuna anayedonoa kabla yake. Akikaribia tembe asiyejua adabu, Shangazi hamfukuzi kwa vurugu: hugeuza shingo, humkazia jicho moja, na tembe hurudi nyuma mwenyewe. Anazunguka uwanja kama mama mkwe aliyekuja kukagua usafi. Mpangilio huo wa nani kumdonoa nani ulielezwa kitaalamu mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Thorleif Schjelderup-Ebbe, mtafiti wa Norway. Huyu alianza kuwafuatilia kuku wa nyumbani kwao tangu utotoni, kwa sababu tu aliwapenda. Leo elimu ya tabia za wanyama inautumia ugunduzi wake kueleza hata maisha ya nyani na mbwamwitu. Ugunduzi huo ulianzia kwa mtoto na kuku wake, nami nafurahi kila nikikumbuka hilo.

Shangazi ana jambo jingine. Banda lina viota vizuri vya majani makavu, lakini yeye ameamua kwamba yai lake halitagwi popote ila kwenye kapu la nguo chafu, chumbani. Akikuta mlango umefungwa, anausubiri. Akichoka kusubiri anagonga kwa mdomo. Tumemfungulia. Na akishataga hutoka akitetea kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, na wenzake uani wanaitikia kwa nguvu zote ingawa siku hiyo wao hawajataga kitu.

Mgeni asiyewazoea kuku anaweza kupata mshtuko. Siku moja mchana wa jua kali jirani yetu alipita, akasimama ghafla kwenye michongoma.

"Dada, njoo! Kuku wako anakufa huyu!"

Nikatoka mbio. Kuku alikuwa amelala ubavu kwenye shimo chini ya mwembe, bawa moja limetandazwa, mguu umenyooshwa, macho yamefumba nusu.

"Anaoga, mdogo wangu."

"Anaoga nini na maji hakuna?"

Anaoga vumbi. Kuku hujichimbia shimo, hujimwagia mchanga hadi mizizi ya manyoya, kisha husimama na kujikung'uta wingu zima. Vumbi hilo hufyonza mafuta yaliyozidi na humsaidia kupunguza utitiri na chawa. Jirani alibaki ameshika kiuno akimtazama hadi alipomaliza. Siku hizi akipita huuliza, "Wameshaoga?"

Jogoo wetu anaitwa Mwenyekiti. Akiokota panzi hamezi. Humnyanyua, humwangusha, humnyanyua tena, huku akilia kwa sauti fupi za haraka, mpaka majike waje mbio wamle. Yeye hubaki amesimama wima, hana alichotia tumboni, kifua mbele. Kuna siku anaita na hakuna panzi wala punje, kuna kijiti tu. Wanaochunguza tabia za ndege wameona jambo hilo kwa majogoo wengi, na wameona pia kwamba majike humzoea mwongo, wakaacha kumwitikia. Wetu bado wanamwitikia, maana panzi wa kweli ni wengi kuliko vijiti.

Na kuwika je? Watu husema jogoo huwika kwa sababu ameona mwanga. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2013 matokeo yaliyoonyesha kwamba hata akifungiwa penye mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku, jogoo huwika alfajiri ikikaribia. Saa anayo mwilini. Baadaye wakaonyesha kwamba majogoo wakiwa pamoja, mkubwa wao ndiye anayeanza, na wengine hufuata kwa cheo. Watoto wetu walipolisikia hilo hawakushangaa hata kidogo. Walisema ndiyo maana anaitwa Mwenyekiti.

Lakini niliyempenda kuliko wote ni Kipara, kuku wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Bata wetu aliuawa na mbwa akiwa anaatamia, na mayai yake tukayaweka chini ya Kipara, ambaye wakati huo alikuwa amelalia kiota kitupu na hataki kuondoka. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21. Ya bata wa kwetu huku huhitaji takriban siku 35. Siku ambazo kuku mwingine angekuwa anatembeza vifaranga vyake zilifika zikapita, na mayai yakawa kimya. Kipara hakunyanyuka. Mara moja kwa siku alitoka, akala haraka, akanywa, akarudi mbio, akayageuza mayai kwa mdomo moja moja kabla ya kukaa. Alikonda mpaka ile shingo yake tupu ikaonekana ndefu zaidi.

Vifaranga walipoanguliwa, furaha yake haikuwa na kifani. Aliwafundisha kuchakura. Wao walimtazama tu. Aliwaitia mchwa, wakaja wakipepesuka, wakakanyaga mchwa wote. Ikanyesha mvua, uani likajaa dimbwi, na vifaranga wa bata wakaona maji kwa mara ya kwanza. Waliingia wote kwa mpigo. Kipara alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa kuku. Alizunguka dimbwi, akatia mguu mmoja majini, akautoa, akazunguka tena, akatutazama sisi, akayatazama maji. Watoto walicheka hadi wakakaa chini, kisha mdogo wao akaanza kulia kwa kumhurumia. Bata walitoka wamelowa, wameridhika, naye akawafunika wote papo hapo kwa mabawa, maji yakimchuruzikia.

Baada ya mvua kadhaa alielewa. Akawa analala kando ya dimbwi akiwasubiri. Na walipokua wakamzidi umbo, usiku bado walijisukuma chini yake wote, naye akalala juu yao, miguu haigusi chini.

Mjomba wangu wa kijijini alipokuja kututembelea hakuyaelewa haya mara moja.

"Mwanangu, huyu jogoo mbona mzee?"

"Ni mzee kweli, mjomba."

"Sasa mnamngojea nini?"

"Hatumngojei kitu. Huyu ni wa watoto."

Alinyamaza. Nyama ya kuku tunakula, na siku hiyo tulimpikia kuku mzuri wa sokoni, maana heshima ya mjomba haina mjadala. Ila wale wenye majina hawaingii jikoni, na huo ndio mpaka wa nyumba yetu. Kesho yake nilimkuta mjomba kwenye kigoda akirusha punje za mahindi na kuita, "Mwenyekiti! Njoo huku!"

Mapenzi haya yana kazi zake. Ugonjwa wa mdondo ukiingia mtaani unaweza kufagia banda zima ndani ya siku chache: mabawa yanashuka, shingo inapinda, kinyesi kinakuwa cha kijani, na tiba haipo. Kinga ipo. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu, na chupa moja watu wa mtaa mzima mnaweza kuichangia. Kwetu mkubwa wa watoto ndiye anayeshika kuku, wa pili anadondosha, na mdogo anawaambia waliokwisha kuchanjwa pole.

Na kwa mapenzi hayohayo siwezi kupita kimya sokoni ninapoona kuku wamefungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli, kutwa nzima. Ndege hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Akining'inizwa, matumbo humlalia mapafu na mifuko ya hewa, na kila pumzi huwa ya taabu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kuku naye anahusika. Lakini kabla ya sheria kuna mkono wako. Msomaji, ukinunua kuku leo, hata kama ni wa mchuzi wa jioni, mwombe muuzaji tenga. Tenga likikosekana, mkumbatie kwapani, kichwa juu, mpaka nyumbani.