Je, ni Huruma Kumwachia Mnyonge?



Wengi wenu mnanifahamu kama mwalimu wa darasa la kipaimara, na nadhani ni wachache ambao wangetazamia kunikuta kwenye mpira wa miguu. Lakini wakati wa likizo iliyopita mjukuu wangu, mvulana wa darasa la sita, alinisihi nimpeleke mjini kutazama mechi ya ligi, nami nikashindwa kumkatalia. Tulilipa kiingilio, tukaketi upande wa jua pamoja na wenzetu wasio na fedha ya jukwaa kuu, tukanunua karanga, tukangoja.

Timu sitazitaja, maana wapenzi wa zote mbili wamo humu parokiani, nami napenda kila mtu asome maneno haya mpaka mwisho. Itoshe kusema kwamba moja ilikuwa ikiwania ubingwa, na ya pili ilikuwa mkiani, ikipigania isishuke daraja. Mechi zilizobaki zilikuwa chache. Wakubwa walipata bao mapema, wakaongeza la pili, na kabla ya mapumziko la tatu. Kipa wa wale wanyonge alikuwa kijana mdogo, na kila mara alipokwenda kuutoa mpira wavuni alitembea polepole zaidi.

Hapo mjukuu wangu, ambaye alikuja kuwashangilia wakubwa, akanigeukia akaniuliza: "Bibi, hawa si wameshapata pointi zao? Kwa nini wasiwaonee huruma wenzao? Wakiwaachia nao wafunge, watapungukiwa nini?"

Nilimjibu, "Ngoja kwanza tutazame." Ninyi mliopita mikononi mwa walimu mnajua kwamba mwalimu akisema hivyo, hana jibu.

Swali lile nimekaa nalo wiki kadhaa, kwa maana si swali la mpira tu. Kila mmoja wetu mahali fulani ndiye mkubwa, na mbele yake yuko mnyonge. Mwenye duka ana mteja asiyelipa. Mwalimu ana mwanafunzi asiyeweza. Wazee wa kanisa wana ndugu yao anayeomba kazi asiyoimudu. Bwana wetu ametufundisha kwamba wenye rehema wana heri. Je, basi, rehema ni kumwachia mnyonge apite?

Tuanze na uwanja wenyewe. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, na kila moja hucheza mechi 30, nyumbani 15 na ugenini 15. Zilizo mkiani hushuka daraja. Maana yake ni kwamba katika mechi ile niliyoitazama hazikuwamo timu mbili tu. Ilikuwamo na ya tatu, ambayo siku ile ilikuwa inacheza mji mwingine, au imepumzika, nayo vilevile ilikuwa ikipigania isishuke. Kama wakubwa wangelegeza miguu na kuwaachia wale wanyonge hata pointi moja, nani angelipa? Si wakubwa, kwa kuwa wao wana pointi tele. Angelipa yule mnyonge mwingine ambaye hayupo, wala haoni, wala hana wa kumsemea. Wachezaji wake nao wana watoto, na mji wake nao una vijana walioketi kwenye jua na karanga zao.

Wazee wenzangu watakumbuka jambo lililotokea mjini Gijón, Hispania, tarehe 25 Juni 1982, katika fainali za Kombe la Dunia. Ujerumani Magharibi ilicheza na Austria. Algeria, iliyokuwa imewafunga Wajerumani mabao 2 kwa 1, ilikwisha kumaliza mechi zake siku iliyotangulia, ikawa inangoja tu. Ushindi wa bao moja au mawili kwa Wajerumani ungezipeleka mbele timu zote mbili za uwanjani, na kuiacha Algeria nje. Wajerumani walipata bao katika dakika ya 10. Baada ya hapo, kwa sehemu kubwa ya muda uliobaki, wakawa wanapasiana mpira bila nia ya kufunga. Watazamaji walizomea. Algeria ikalalamika, lakini matokeo hayakubadilishwa, kwa kuwa hakuna kanuni iliyovunjwa. Tangu fainali za mwaka 1986 mechi za mwisho za kila kundi huchezwa saa moja na siku moja.

Sisemi kwamba siku ile Gijón palikuwa na huruma. Palikuwa na maslahi. Lakini somo ni lilelile: wawili waliopo wakiachiana, anayelipa ni wa tatu asiyekuwapo. Huruma ikifanya kazi hiyohiyo ya maslahi, yule aliyeachwa nje hataona tofauti kati ya hayo mawili.

Sasa nataka kuungama jambo, maana si haki kuandika juu ya makosa ya Wazungu wa mwaka 1982 na kuyaficha ya kwangu.

Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, nilipewa kusimamia mazoezi ya kufundisha ya mwanachuo mmoja. Alikuwa yatima, mkubwa wa nyumba, na wadogo zake wanne walikuwa wakingoja mshahara wake wa kwanza. Alikuwa kijana mwenye adabu na bidii, lakini kufundisha watoto kusoma hakujua. Aliwaimbisha maneno ubaoni, nao wakayaimba, na alidhani kwamba wamesoma. Nilikaa nyuma ya darasa mara tatu na karatasi yangu ya alama, na mara ya tatu nikampa alama za kufaulu ambazo hakuzistahili. Nililala vizuri usiku ule. Niliona nimetenda tendo la Kikristo.

Baada ya miaka sita nilikwenda shule moja ya msingi kusimamia wanachuo wengine, nikamkuta pale, mwalimu wa darasa la pili. Alifurahi kuniona, akaniamkia kwa heshima, akataka nikasikilize watoto wake. Walisimama mmoja mmoja wakasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nami, kwa mazoea tu, nikaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa nikamwuliza msichana wa mbele, "Hili ni neno gani?" Akanyamaza. Nikamwuliza wa pili, na wa tatu. Walikuwa wameukariri ukurasa wote, wala hawakuweza kusoma hata neno moja.

Yule mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani. Hakusema kitu hadi basi lilipoonekana kwa mbali. Ndipo akasema, "Mwalimu, wewe ulikaa darasani kwangu mara tatu. Ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

Sikuwa na la kumjibu. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilichelea kulia kwake, lakini sikulia mimi wala hakulia yeye. Walilia watoto wa watu, madarasa sita, ambao siku ile nilipoandika alama hawakuwapo chumbani, na wengine walikuwa hata hawajaanza kutembea. Wao ndio timu ya tatu.

Je, tuseme basi kwamba mwenye nguvu awaponde wanyonge, maana ndiyo haki? La hasha. Nirudi uwanjani niwaeleze kipindi cha pili.

Wale wakubwa, walipoona ushindi umo mkononi, baadhi yao waliacha kucheza wakaanza kuchezea watu. Mmoja alimpiga beki tobo, kisha akamngoja arudi ili ampige tena. Mwingine alisimama akapiga danadana. Jukwaa lilicheka na kuhesabu pasi kwa sauti. Mjukuu wangu hakucheka. Ndipo nahodha wao, mtu mzima aliyekuwa akicheza katikati, alipowakemea wenzake kwa mkono na kwa mdomo, akauchukua mpira, akaupeleka mbele kwa haraka, na katika shambulio lile wakafunga bao la nne. Hakushangilia. Mpira ulipokwisha alikwenda moja kwa moja kwa yule kipa kijana, akamshika bega, wakazungumza kwa muda mrefu, naye akimwonyesha kwa mikono namna ya kusimama kona inapopigwa.

Nikajiuliza: ni nani aliyewaheshimu wale wanyonge, yule aliyeacha kufunga ili achekeshe watu, au yule aliyefunga la nne? Kwangu jibu lilikuwa wazi. Kumfunga mtu mabao manne si kumdharau. Kumfanya kichekesho ndiko kumdharau. Kumwachia bao kama mtu anayemrushia mtoto pipi nako kuna dharau ndani yake, ijapokuwa imevaa nguo nzuri.

Jambo kama hilo lilionekana tarehe 8 Julai 2014 huko Belo Horizonte, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, Wajerumani walipokuwa wakiwaongoza Brazil, wenyeji wao, kwa mabao 5 kwa bila wakati wa mapumziko. Beki wao Mats Hummels alieleza baadaye kwamba walikubaliana chumbani waendelee kucheza kwa makini, wala wasijaribu kuwadhalilisha wenzao. Walifunga mawili zaidi, na mechi ikaisha 7 kwa 1. Kushindwa kule kulikuwa kuchungu, lakini hakukuongezewa kejeli.

Basi rehema iko wapi? Nimeyasoma tena Maandiko nikiwa na swali la mjukuu wangu, na nimeona jambo ambalo sikuliona nilipokuwa kijana. Yule mfalme wa Mathayo 18 alisamehe deni kubwa, lakini deni lilikuwa lake. Yule mwenye shamba la mizabibu wa Mathayo 20 aliwapa wa saa ya mwisho dinari nzima, lakini fedha ilikuwa yake. Msamaria alilipa nyumba ya wageni kwa fedha yake mwenyewe, tena akatumia punda wake na siku yake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetoa rehema kutoka mfuko wa jirani. Nadhani hicho ndicho kipimo: huruma hii ninayotaka kuitoa, inatoka mfukoni mwa nani?

Alama zile nilizompa mwanachuo wangu hazikunigharimu kitu. Kalamu ilikuwa ya chuo, karatasi ilikuwa ya chuo, na gharama yote ilikwenda kwa watoto nisiowajua. Kilichokuwa changu ni jioni zangu. Ningaliweza kumwambia ukweli, akalia, kisha nikamwambia, "Njoo nyumbani kila jioni baada ya chakula, tutaanza na silabi." Pengine ingekuwa miezi mitatu. Lakini wakati ule nilikuwa na bustani, na kwaya, na uchovu. Kwa hiyo nilimpa alama ili nisimpe saa zangu, nikaliita tendo lile huruma.

Yule nahodha alifanya kinyume changu. Pointi hakutoa, kwa kuwa hazikuwa zake peke yake kuzigawa. Alitoa kilicho chake: maarifa yake, na dakika zake, wakati wenzake walikuwa wakienda kushangilia. Ninakumbuka Yakobo kwenye kivuko cha Yaboki, katika Mwanzo 32. Aliyeshindana naye mweleka hakumwacha aende zake, wala hakumcheka. Alikaa naye usiku kucha mpaka alfajiri. Yakobo aliondoka akichechemea, lakini aliondoka na baraka na jina jipya.

Tena wale wanyonge wenyewe hawakuomba kuachiwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na wao walikubali, lakini hawakuacha kukimbia. Dakika za mwisho walipata kona, mpira ukagonga kichwa cha beki wao mrefu ukaingia wavuni. Nne kwa moja. Wapenzi wao waliruka kana kwamba wametwaa kombe, na mjukuu wangu akaruka pamoja nao hata karanga zikamwagika. Furaha ile isingalikuwapo kama tungalijua kwamba bao lile wamepewa.

Ndani ya basi nilimpa jibu lake. Nilimwambia kwamba wakubwa walikosa walipocheka, wala hawakukosa walipofunga. Na kwamba huruma niliyoiona siku ile ni ya mtu mmoja tu, naye aliitoa baada ya filimbi ya mwisho. Alifikiri kidogo, akasema angependa kujua kama yule kipa amekumbuka alichoambiwa.

Ndugu zangu, nasi tujipime. Tukitaka kumpitisha kijana kwenye kipaimara naye hajajifunza, tuulize kwanza nani kati yetu yuko tayari kukaa naye jioni. Tukitaka kumpa ndugu yetu utunzaji wa hazina kwa sababu ana shida, tukumbuke kwamba sadaka ile ni ya wajane wanaoketi benchi la nyuma. Mwenye shida tumsaidie kwa kilicho chetu. Yule mwalimu wangu nilimwandikia barua baada ya siku ile, nikamwomba radhi, na likizo iliyofuata alikuja nyumbani kwangu, tukaanza na silabi. Alikuwa mwepesi kujifunza. Ilituchukua wiki tano tu.