Aliyesimama na Aliyepiga Magoti

Taifa likitenda jambo jema hupenda kuliwekea sanamu, ili watoto wa kesho walione. Lakini sanamu nayo husema, na mara nyingine husema neno ambalo waliotoa fedha hawakulikusudia. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: inamsifu nani, na inamweka nani chini?

Katika bustani moja mjini Washington, Marekani, iko sanamu ya shaba iliyofunuliwa tarehe 14 Aprili 1876. Rais Abraham Lincoln amesimama, mkono mmoja juu ya tangazo lake la mwaka 1863 la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Mkono wa pili ameunyosha juu ya mtu mweusi aliyepiga goti, kiunoni ana kitambaa tu, na pingu zake zimekatika. Wengine husema mtu huyo anainuka. Wengine husema anasujudu.

Fedha zilitolewa na watu weusi waliokuwa watumwa. Mama mmoja, Charlotte Scott, ndiye aliyetoa dola 5 za kwanza. Lakini umbo la sanamu liliamuliwa na wengine. Uso wa yule mtu ulifuata picha ya Archer Alexander, ambaye wakati wa vita alitoroka utumwani huko Missouri. Basi mtu aliyekimbia kwa miguu yake mwenyewe akaonyeshwa amepiga goti. Na askari weusi zaidi ya 170,000 waliopigana upande wa Lincoln hawaonekani kabisa.

Je, sanamu hiyo ni ya uongo? Hatusemi hivyo. Tangazo lilitolewa kweli, na shukrani ile ilitoka moyoni. Ila neno la kweli laweza kusemwa kwa sauti inayompunguzia mtu heshima.

Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, ndiye aliyehutubu siku ile. Alimshukuru Lincoln, wala hakuficha kwamba Rais huyo aliwatanguliza wazungu wenzake. Siku chache baadaye aliandika gazetini kwamba, kabla hajafa, angependa kuona sanamu ya mtu mweusi aliyesimama wima. Alisema hakuna sanamu moja iwezayo kueleza ukweli wote, na katika bustani ile nafasi ya nyingine ingalipo. Yeye alifariki mwaka 1895 kabla ya kuiona. Mwaka 1974 ikasimamishwa humo sanamu ya Mary McLeod Bethune, mwalimu, binti wa watu waliokuwa watumwa. Amesimama, akiwakabidhi watoto wawili wosia wake. Sisi tuliozeeka katika kufundisha twafurahi kwamba ni mwalimu.

Nasi tunazo sanamu zetu. Tukimpelekea mjane gunia la unga, twampanga mbele ya kamera, yeye ameinamisha kichwa, sisi tumesimama tukitabasamu. Unga ni wa kweli, na watoto wake watakula. Lakini picha ile itakapobandikwa ukutani, itasema nini juu yake mbele ya majirani? Je, tulimwuliza?

Kornelio alipoanguka miguuni pa Petro, mtume alimwinua, akamwambia kwamba yeye naye ni mwanadamu tu. Tukitoa, na tutoe hivyo. Mungu atujalie kumwinua ndugu yetu hata pale ambapo hakuna anayetutazama.