Haiwezi, au Hairuhusiwi?

Tarehe 14 Oktoba huku Mara haihitaji maelezo. Ndiyo siku aliyofariki Mwalimu Nyerere, mwaka 1999, na ikifika, wapo wanaokwenda Butiama mpaka Mwitongo kwenye kaburi lake. Mwaka 2025 tarehe hiyo hiyo iliangukiwa na jambo jingine, dogo kwa kulinganisha: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta hazikuzimika. Kesho yake ziliwaka kama kawaida, ila tundu jipya la usalama likigundulika humo, mwenye wajibu wa kuliziba ameshaondoka.

Tiba inayopendekezwa ni Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Lakini yenyewe inachagua pa kukaa. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Kwa Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha nane, yaani za mwishoni mwa 2017 na kuendelea. Laptopu ya 2015, hata iwe na afya ya namna gani, inaambiwa haistahili.

Sasa jiulize laptopu zetu zinatoka wapi. Nyingi ni mitumba. Zimekaa ofisini Ulaya miaka kadhaa, zikafika Dar, zikapanda basi mpaka Musoma. Mmiliki wa kwanza amekula miaka ya huduma. Wa tatu anakuta sahani. Hata mwaka mmoja wa nyongeza waliopewa watumiaji wa nyumbani haukugawiwa sawa. Ulaya, baada ya watetezi wa walaji kupiga kelele, masharti yalilegezwa. Kwingineko mtu alitakiwa alipe dola 30, au atumie pointi za Microsoft, au akubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti yao.

Ndipo anapoingia fundi. Atakwambia, "Napiga Windows 11 mashine yoyote." Anaandaa fleshi kwa programu ya bure iitwayo Rufus, ambayo inaondoa ule ukaguzi, anachomeka, anasubiri, kazi imekwisha. Mashine iliyoambiwa haiwezi, inaweza.

Kwa hiyo ilikuwa haiwezi, au hairuhusiwi? Haya ni maneno mawili tofauti yaliyovalishwa nguo moja. Kipo kizuizi cha kweli: tangu toleo la 24H2, Windows 11 inahitaji maagizo ambayo prosesa za kabla ya 2008 hazina kabisa. Hapo hata fundi awe mganga, haiwaki. Lakini laptopu ya 2015 inazuiwa na uamuzi wa watu waliokaa mezani. Microsoft wenyewe waliwahi kuchapisha njia ya kupita kwa mwenye TPM ya zamani ya 1.2, wakaambatanisha onyo.

Je, kuuruka ukaguzi huo ni udanganyifu? Nazungumzia mwenye leseni halali. Mimi naona si udanganyifu. Aliyekuuzia mlango hana haki ya kuamua lini nyumba yako iache kukaliwa.

Hata hivyo hoja ya kiwanda si tupu. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla, vikavuruga hospitali za Uingereza. Mashine ambayo haijazibwa ni hatari hata kwa jirani. Anayesema "ni yangu, nitaitumia nitakavyo" bado hajamaliza hesabu.

Siku moja nilikuwa dukani kwa fundi mjini Musoma, akaingia mama mmoja, mwalimu wa sekondari, kuchukua laptopu yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Imepona?"

"Imepona kabisa. Mpya hiyo!"

Akalipa, akaenda zake. Humo ndani mna alama za wanafunzi na mitihani aliyoitunga. Nikamuuliza fundi mbona hakumwambia kwamba mwenye mfumo haitambui mashine hiyo, wala hajaahidi kwamba viraka vitaendelea kuja, na kwamba yale matoleo makubwa ya kila mwaka hayatajileta yenyewe, mpaka mtu ayapige tena kwa mkono. Akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Kaka, nikimwambia ataogopa, ataenda kwa mwingine ambaye hatamwambia."

Jibu hilo limenisumbua kuliko suala zima la TPM. Maana lina ukweli. Mkweli anakosa hela, msiri anapata, na mama wa watu laptopu yake inabaki vilevile.

Nilipolitafakari, nikamkumbuka tena mtu wa Mwitongo. Walikuwepo waliodhani Kiswahili ni lugha ya sokoni tu, haiwezi kumbeba Shakespeare. Mwaka 1963 ikatoka tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Julius Caesar, na katika utangulizi wake alijenga hoja kwamba utamu na upana wa lugha huongezeka ikitumiwa zaidi. "Haiwezi" ile ilikuwa "haijaruhusiwa" tu. Lakini kinachonivutia zaidi ni kilichofuata: mwaka 1969 akaitoa tena, imesahihishwa, kwa jina *Juliasi Kaizari*. Aliyekipeleka kitu mahali ambapo mtunzi hakukikusudia alirudi kukirekebisha, kwa sababu Shakespeare asingefanya hivyo kwa niaba yake.

Huo ndio mzigo ninaousema. Ukivunja amri ya mwenye kitu, hata kama amri yenyewe si ya haki, wajibu aliokuwa nao unabaki barabarani mpaka mtu auokote. Fundi anapookoa mashine anatenda jema. Akinyamaza, amempa mama yule wajibu wa kiwanda bila yeye kujua. Maneno yanayotakiwa ni machache: "Mwalimu, inafanya kazi, ila waliotengeneza mfumo hawajaahidi kitu. Ilete kila mwaka niitazame. Mitihani weka nakala pengine. Ukipenda, nitakuwekea Linux Mint, yenyewe haiulizi TPM."

Ataenda kwa mwingine? Inawezekana. Lakini atakwenda akiwa na swali mdomoni, na yule mwingine atalazimika kulijibu. Na sisi wateja tuna sehemu yetu. Tukiambiwa imepona, tusiishie kuuliza bei. Tuulize mwakani nani ataitazama.