Funga Macho, Usikilize Mwongozo Wako

Chukua mwongozo wa mwisho uliouandaa, ule wa warsha ya kutafuta vitabu katika maktaba mtandao. Ufungue kwenye simu, tena simu ya kawaida, uache kompyuta ya ofisini. Halafu jiulize: mwalimu aliyeko Mitundu angefika nao wapi?

Mitundu iko kusini ya Itigi, mkoani Singida, kwenye barabara ya kwenda Rungwa hadi Mbeya. Mtumie mwalimu wa huko faili la megabaiti 40 lililojaa mapambo, bando litakata kabla hajaiona hatua ya kwanza. Mwandikie kwa kijivu juu ya weupe, jua la saa saba mchana litafuta kila neno. Na kama ana ualbino, na macho yake yana uoni hafifu, hata kivulini hataambulia kitu. Hapo aliyefeli ni mwandishi.

Mkutubi mwenzangu, usiniambie kuandika kwa namna inayomfikia kila mtu ni mambo ya Ulaya, eti sisi bado. Tulishayafanya, tena bila intaneti. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kujisomea nchi nzima, wakiongozwa na watu wapatao 75,000 waliofunzwa kwa kazi hiyo. Utaratibu ulikuwa uleule kila wiki: kikundi kinasikiliza redio, kitabu kinasomwa kwa sauti, watu wanajadili, kisha wanaamua watakalolifanya kijijini, pengine kuchimba choo, pengine kufukia madimbwi ya mbu. Tazama ufundi wake. Asiyejua kusoma alilisikia somo redioni, akalisikia tena kitabuni. Na kwa kuwa mpangilio haukubadilika, ukishauzoea wiki ya kwanza, wiki zilizobaki akili yote ilikuwa kwenye malaria na kichocho.

Redio ya betri na kijitabu! Sisi wenye simu janja tunatoa miongozo sita, kila mmoja na sura yake. Huu unaanza na malengo, ule na nembo ya ofisi. Wa tatu unasema "nywila", wa nne kitu hichohicho unakiita "neno la siri". Hata kanga imetushinda akili. Kila kanga ina pindo, mji na jina, na jina liko palepale, chini ya mji. Hakuna mama anayelitafuta. Wala mpangilio huo haujawanyima wachoraji uhuru. Nenda Kariakoo ukahesabu kama utamaliza.

Basi tuanze. Washa TalkBack, programu ya simu za Android inayosoma skrini kwa sauti, haina malipo. Mimi nilipoijaribu kwa mwongozo wangu mwenyewe nilitamani ardhi ipasuke. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeuskani, kwa hiyo simu iliuona kama picha moja, ikanyamaza. Ukurasa wa pili ikaanza kuimba: "bofya hapa, kiungo, bofya hapa, kiungo, bofya hapa, kiungo." Hapa wapi? Niliyeandika ni mimi, na sikujua. Vichwa nilivikoleza wino tu bila kuviwekea mtindo wa kichwa, hivyo msikilizaji hakuwa na njia ya kuruka hadi hatua ya nne. Ilimlazimu asikilize yote tangu salamu za mgeni rasmi. (Ndiyo, niliweka salamu za mgeni rasmi.)

Kuurekebisha kulinichukua mchana mmoja. Maandishi yawe maandishi, yasiwe picha ya maandishi. Kiungo kitaje kinakompeleka mtu: "Fungua orodha ya vitabu vya kidato cha pili." Kila picha ya skrini iwe na maelezo yake ya maneno, na wino uwe mweusi. Hayo unaweza kuyafanya peke yako. La kiolezo kimoja cha miongozo yote ndilo linalotaka ofisi nzima ikae meza moja: jina la warsha, mahitaji, hatua, mahali pa kuomba msaada, kwa mpangilio huo kila mara na kwa msamiati mmoja. Najua mtagombana kuhusu rangi. Rangi ziacheni, gombaneni kuhusu maneno, maana hayo ndiyo yatakayomfikia asiyeziona rangi.

Na usisubiri mfadhili wala waraka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 9 inaitaja intaneti waziwazi. Ruhusa unayo tangu siku hiyo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, chagua mwongozo mmoja tu. Funga macho, acha simu ikusomee. Itakaponyamaza, anzia hapo.