Aliyekimbia Akawa Mwalimu

Msimu wa michezo ya shule umekwisha pita, na sasa ndipo tunapoweza kusema kwa utulivu jambo ambalo wakati ule lilisemwa kwa hasira, tena lilisemwa mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, mahali ambapo halikustahili kusemwa hivyo. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyekuwa mkimbiaji, nguvu zake zikaisha, akakabidhiwa watoto awafundishe kukimbia, je, anawafundisha kwa ajili ya nani?

Kisa chenyewe wengi wetu hapa Nyashimo twakijua. Mwalimu mmoja wa michezo, ambaye hatutamtaja jina wala shule yake, alikuwa mkimbiaji hodari katika ujana wake. Enzi hizo sisi tulikuwa bado chini ya Magu na Mkoa wa Mwanza, na yeye alikaribia sana kuingia timu ya mkoa, akaachwa. Miaka ikapita. Akampata kijana mwenye kifua na miguu, mtoto wa mkulima wa pamba, akamkimbiza kila alfajiri kwenye barabara ya lami kuelekea Lamadi. Goti la kijana lilipoanza kuvimba, aliambiwa avumilie. Siku ya mashindano alikimbia akiwa amefungwa kitambaa gotini, akashinda, na tangu siku ile hajakimbia tena.

Nasi tulikuwapo. Tulishangilia, na mama zetu walipiga vigelegele. Kitambaa tulikiona.

Kabla ya kumhukumu mwalimu huyu, tumtazame kwanza mtu ambaye, kama kuna mkimbiaji mwenye haki ya kudai alichokosa, basi ndiye. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia iliyowekwa na Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967. Alikuwa na umri wa miaka 20. Yafaa tukumbuke alivyokimbia. Hakujificha nyuma ya wenzake akingoja mzunguko wa mwisho, kama walivyozoea wengi. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akaupokea upepo kifuani mwake, akabaki mbele mpaka utepe. Aliyefuata alikuwa kijana wa hukohuko New Zealand, John Walker, na ajabu ni kwamba Walker naye, ijapokuwa alishindwa, alipita chini ya rekodi ya zamani. Aliyekuwa mbele alimvuta wa nyuma akafika mahali ambapo hakuwa amefika bado. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, Bayi akaweka rekodi ya maili moja huko Kingston, Jamaika, dakika 3 na sekunde 51.0, na mwezi Agosti Walker akaichukua kwa dakika 3 na sekunde 49.4.

Dunia nzima ikangoja mwaka 1976, wakutane katika Olimpiki ya Montreal. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Makaburu wa Afrika Kusini, katika mwaka uleule ambao watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi. Nchi za Kiafrika zikadai New Zealand ifukuzwe katika Michezo. Haikufukuzwa, nazo zikasusa, zaidi ya nchi 20, na Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Walker akashinda medali ya dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.2, mwendo ambao Bayi wa Christchurch angeuacha nyuma sana. Kweli, imeandikwa pia kwamba Bayi alikuwa ameugua malaria karibu na siku zile, kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba angeshinda. Lakini nafasi hakupewa.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye uzito. Sisi twaamini kwamba Tanzania ilifanya haki mwaka ule. Watoto wa Soweto walistahili kuliliwa kwa namna ambayo dunia ingeisikia. Hata hivyo, hatuna budi kukiri jambo moja lisilopendeza: walioamua haki hiyo hawakuwa ndio walioilipia. Waliokaa mezani walirudi makwao na vyeo vyao. Aliyelipa ni kijana wa miaka 23, askari wa jeshi letu, na malipo yake yalikuwa ile nafasi ambayo mkimbiaji huipata mara moja, pengine mbili, katika maisha yake. Dhabihu njema ikidaiwa kwa mwingine, yule anayeidai hana budi angalau kujua inalipwa kwa miguu ya nani.

Mwaka 1980 Bayi alikimbia Moscow, safari hii mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akatoka mbele kama desturi yake, akawaacha wenzake mbali, na katika mzunguko wa mwisho Mpolandi Bronisław Malinowski akamfikia akampita. Bayi akapata medali ya fedha. Katika Michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui, jirani yetu wa Majita, naye akapata ya fedha katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Tangu hapo Tanzania haijaleta nyumbani medali nyingine ya Olimpiki.

Mtu wa namna hii afanye nini miguu ikichoka? Huko Marekani kuna mchezo wao wa mpira ambamo mchezaji mmoja hupewa mpira mikononi akakimbia nao katikati ya majitu yaliyowekwa makusudi kumwangusha; magoti yake hayadumu, na wako ambao wangali vijana hurudi kwenye shule za sekondari kuwafundisha watoto mchezo uleule. Bayi alipita njia inayofanana na hiyo, lakini kwa tofauti inayotuvutia. Yeye na mkewe walianzisha shule: Kimara jijini Dar es Salaam, kisha Mkuza, Kibaha. Michezo imo, lakini ni shule kamili, yenye hesabu na Kiswahili na mitihani, na wengi wa watoto waliopita mle hawatakimbia mahali popote ila kuliwahi basi. (Tusidanganyane, ni shule za kulipia karo, na mkulima wa hapa kwetu hawezi kumpeleka mwanawe kwa bei ya pamba tunayoijua. Hilo halifuti tunachotaka kusema.) Hatujui yaliyomo moyoni mwa Bayi, na si kazi yetu kuyajua. Twaona tu kwamba aliyekuwa na deni kubwa la kudai hakuwakusanya watoto wamlipie. Mtoto asiyejua kukimbia naye ana dawati lake mle, na mwalimu aliyezungukwa na watoto wa namna hiyo hukumbushwa kila siku kwamba hawakuja kwa ajili yake.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Bayi alikuwa mtu mzima, askari, na alichonyimwa kilinyimwa kwa ajili ya uhuru wa watu. Kijana wetu alikuwa mwanafunzi, asiyeweza kumjibu mwalimu wake, na goti lake lilitolewa kwa ajili ya orodha moja ya zamani ambayo jina la mtu mwingine lilikosekana. Hilo ni kosa, wala hatulipambi. Lakini wale waliosema mlangoni mwa kanisa kwamba heri mwalimu huyu asingekuwa mkimbiaji kamwe, hao hatukubaliani nao. Nani mwingine angeamka saa kumi na moja alfajiri? Nani angekiona kifua cha mtoto yule, aliyekuwa akichunga ng'ombe mbele ya macho yetu sote miaka mingi? Katika ngoma zetu za Kisukuma, za Bagika na za Bagalu, manju aliyezeeka, ambaye magoti hayamruhusu tena, ndiye anayejua kijana yupi asimame wapi. Tukimfukuza kwa sababu angali anatamani kucheza, tutabaki na ngoma isiyo na mtu. Hata Barnaba, aliyemleta Sauli kwa mitume wakati wote walipomwogopa, hatudhani ilikuwa rahisi kwake siku majina yao yalipoanza kutajwa kwa kupinduliwa, Paulo kwanza na yeye nyuma.

Tamaa ya kukimbia tena haiondoki kwa kuambiwa iondoke. Inahitaji watu wengine karibu nayo. Mwalimu alihitaji mzazi mmoja wa kusema, ‘Mwalimu, goti la mtoto limevimba, leo hakimbii.’ Hakupatikana. Baba wa kijana alikuwa shambani. Sisi tulikuwa uwanjani, na tulitaka Nyashimo ishinde, maana tangu tulipoingia Mkoa wa Simiyu mwaka 2012 twapenda sana wa Bariadi watusikie. Mwalimu alilipwa heshima, sisi tukalipwa furaha ya jioni moja. Hesabu ya goti ikabaki kwa mwenyewe, na ya hospitali kwa baba yake.

Baraza la wazee wa kanisa limekwisha zungumza na pande zote mbili, na mchango wa matibabu umeanza, ijapokuwa unakwenda polepole kuliko vigelegele vya siku ile. Mwalimu angali anafundisha. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa kijana, akakaa muda mrefu, na walichozungumza hatukuambiwa.

Kijana sasa huja uwanjani jioni. Amepewa saa ya kupimia mbio, na ndiye anayeandika dakika za wenzake katika daftari. Juma lililopita msichana mmoja alianza kuchechemea kwenye kona ya pili, naye akaisimamisha saa kabla mwalimu hajapuliza filimbi. Mwalimu aligeuka akamtazama, kisha akamwambia msichana aketi. Tulimwuliza kijana kama anaipenda kazi hiyo. Alisema haipendi sana, lakini saa hatampa mtu mwingine.