Geuzeni Jani, Enyi Watu wa Kombewa!

Owetena, ndugu zangu katika Bwana, fungueni Mambo ya Walawi sura ya 14, ile tunayoiruka kila mwaka tukisema ni habari za kuta tu.

Ukutani pana madoa, ya kijani au mekundu, na kuhani ameitwa. Je, anachukua kitambaa akapangusa? Hapana! Vyombo vinatolewa nje. Anatazama kama doa limezama ukutani. Anafunga nyumba siku 7, kisha anarudi kukagua tena, na doa likiwa limeenea, mawe yanang'olewa na kutupwa nje ya mji.

Sasa wewe, mama, na wewe, mzee: ua la barazani kwako limeota weusi kama masizi ya jikoni. Umefanya nini? Umepangusa! Jumapili wageni wakasifu, Alhamisi weusi ukarudi. Nami ni mkosaji mwenzenu. Krotoni yangu niliipaka mafuta ya kupikia ing'ae. Iling'aa siku tatu, kisha ikashika vumbi lote la barabara ya Bondo.

Weusi ule hauli jani, unakula utamu uliodondokea juu yake. Nani kaudondosha? Geuza jani! Tazama makwapani mwake: vidung'ata, weupe kama pamba. Tazama mshipa wa kati: vidugamba, magamba ya kahawia utakayodhani ni sehemu ya mti mpaka uyabandue kwa ukucha. Wanafyonza utomvu na kukojoa sukari, na ukungu unaota kwenye sukari hiyo. Na wale sisimizi wanaopanda na kushuka, usidhani wamekuja kufagia. Wanakamua! Wanachunga wadudu hao kama tunavyochunga ng'ombe, na kuwafukuza wale wa mgongo mwekundu wenye madoa meusi ambao wangewala.

Msidanganywe na weupe pia. Unaopanguka kama unga wa mahindi ni ukungu. Kata jani hilo, lipe ua hewa. Pamba inayonata na kutoa maji ukiibinya ni mdudu. Januari, kiangazi kikikaza, ukiona majani yana vitone vya manjano, yatikise juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, huo ni utitiri.

Tiba iko jikoni kwako. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa lita moja ya maji. Si ya unga, hiyo inachoma majani. Jaribu jani moja kwanza. Jioni, jua likishatua, nyunyiza chini ya jani kuliko juu. Vidung'ata waguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti. Kisha rudia baada ya siku 7, na tena baada ya 7, kwa maana sabuni haiui mayai. Kuhani alirudi, nawe unakata tamaa mara ya kwanza? Ile dawa ya shambani iache shambani, usiinyunyize sebuleni watoto wanapolala. Na toboeni makopo! Udongo unaoota ukungu juu haulii njaa, umezama.

Mgeni naye? Ua jipya kutoka Kisumu likae peke yake wiki mbili kabla ya kuingia kwa wenzake. Mnacheka? Tokeni nje mtazame ziwa. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa ajili ya ua lake la zambarau, pambo la mabwawa ya watu. Hapa kwetu lilionekana karibu na 1990, na kufika 1997 tulikuwa tukiwaachilia fukusi ziwani walitafune. Wavuvi wetu wangali wanasukuma mitumbwi ndani yake hadi leo.

Sasa tazameni kopo lile kando ya mimbari. Ndiyo, hilo lenye kitambaa cha lesi. Nimelihubiria miezi mitatu bila kuligeuza jani. Baada ya baraka ya mwisho nalibeba kwenda bombani; aliye karibu na jikoni aniletee sabuni.